Pikipiki ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi. Milimita 11.
Mvua imeanza leo asubuhi, na shemeji ameanza nayo. Amefika saa nne akiwa na begi moja, godoro lililolowa upande, na mkokoteni wa kukodi wenye magunia matatu ya vyuma. Mke wangu anasema ni kwa wiki mbili tu, mpaka paa la chumba chake litengenezwe. Huyu mdogo wake ana miaka hamsini na miwili. Ameuza bima, ameuza vifaranga, amekuwa kondakta, amekuwa mpiga picha wa harusi asiye na kamera, alikuwa akiazima. Hakuna kazi ambayo hajaianza.

"Shemeji," aliniambia hata kabla hajajifuta maji, "safari hii nimepata kitu cha maana."

Nilichungulia gunia moja. Pikipiki ya zamani, imefunguliwa vipande vipande na mtu ambaye bila shaka hakuwa na haraka ya kuifunga tena.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya mvua. Nina kopo langu juu ya nguzo ya uzio na rula yangu. Naona itabidi nipime na mengine.

Jumatano, 5 Machi. Milimita 6.
Kibaraza cha nyuma, nilikokuwa nikisomea gazeti, sasa ni makaburi. Pikipiki ilikuwa ya idara fulani ya serikali, ikatupwa uani miaka tisa, mvua yake, jua lake. Chuma kimeshika kutu, hilo la kawaida. Lakini aluminiamu haina kutu. Aluminiamu huota ukungu mweupe, kisha vidoa, kisha vishimo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kifuniko cha klachi, kifuniko cha upande wa pili wa injini, habu za katikati ya magurudumu, kibano cha usukani: vyote hivyo.

"Vitang'aa hivi?" akaniuliza.
"Vikifanyiwa kazi."
"Kazi gani hasa?"
Nikamwambia chai yangu inapoa.

Jumamosi, 8 Machi. Milimita 19.
Leo amefanya jambo ambalo hata mwanafunzi wangu mzembe kuliko wote hakuwahi kulifanya. Amechukua dawa ya kuzibulia sinki, ile kali, akaikoroga kwenye beseni, akatumbukiza vifuniko vyote viwili. Amesikia kwa mtu kwamba inaondoa uchafu. Ni kweli inaondoa uchafu. Inaondoa na aluminiamu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, hatua nne kutoka lile beseni. Nimefundisha ufundi wa metali miaka thelathini na moja. Nilijua kitakachotokea kabla hajafungua kizibo. Povu likaanza kuchemka, moshi ukapanda, naye akatabasamu kama mtu aliyeona muujiza. Alipovitoa vilikuwa vyeusi kama masufuria ya msibani.

Sikusema kitu. Kosa ni mwalimu mzuri, na halidai pensheni.

Mke wangu alipotoka kuangalia harufu ni ya nini, shemeji alimwonyesha vile vifuniko, akasema, "Dada, nimevipeleka kilioni." Mke wangu akacheka mpaka akashika mlango. Sikumbuki mara ya mwisho alicheka hivyo kwa jambo nililosema mimi.

Jumapili, 9 Machi. Milimita 3.
Anasugua weusi.

Jumapili, 16 Machi. Milimita 22.
Wiki mbili zinatimia kesho. Hakuna aliyezitaja. Paa la chumba chake, nimesikia, fundi wake "anasubiri mvua ipungue". Ndugu wa damu moja, yeye na fundi wake.

Alhamisi, 20 Machi. Milimita 8.
Anasugua kwa msasa mkavu, tena kwa kuzungusha mkono kama anayefua soksi. Kila mtu aliyewahi kupita karakana yangu anajua: msasa wa maji, uvute upande mmoja mpaka mikwaruzo yote ielekee huko, ukipanda namba ya msasa kwenda ulio laini zaidi, ugeuze mwelekeo, ili ile ya zamani ikijificha uione imekatiza. Mia mbili arobaini, mia nne, mia nane, elfu moja mia mbili, elfu mbili. Ni kama ngazi. Yeye ameruka kutoka kidato cha kwanza hadi chuo kikuu, sasa anashangaa kwa nini kifuniko kina sura ya kioo kilicholambwa na paka.

"Shemeji, naona hapa panakataa kung'aa."
"Labda hapataki," nikasema.

Ijumaa, 21 Machi. Hakuna mvua.
Shemeji amekwenda kwa jirani mshonaji kuomba vitambaa vya kufutia. Amekaa huko saa mbili. Mshonaji ni mwanamke anayecheka kabla utani haujaisha. Kwa hiyo wamepatana.

Jumanne, 25 Machi. Milimita 14.
Ameshona mabaki ya vitambaa, tabaka juu ya tabaka, duara kubwa kama sahani, akaliweka kwenye drili yangu. Drili yangu. Aliomba ruhusa kwa dada yake. Analizungusha hilo duara, analipaka dawa ya kung'arishia, analigandamiza kwenye kifuniko, na uchafu mweusi unaruka mpaka kwenye dari. Uso wake wote mweusi, meno ndiyo yanayoonekana, na yanaonekana muda wote maana hafungi mdomo.

Mke wangu amempa unga wa ngano wa kukaushia ule weusi baada ya kupiga dawa. Nani kamwambia habari za unga? Mimi nilimwambia, mwaka tuliooana, nilipong'arisha taa za baiskeli yangu. Anakumbuka. Na amempa yeye.

Jumamosi, 29 Machi. Milimita 5.
Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kifuniko cha klachi kimetoka vizuri. Alirudi chini mpaka namba mia mbili arobaini, mwenyewe, bila kuambiwa, akaanza upya ngazi kwa ngazi, kwa maji. Siku tano. Nilipita pale alipokuwa amekwenda kuoga nikakiinamia, nikaona miwani yangu na nywele za pua yangu. Vishimo viwili vidogo vimebaki karibu na ukingo.

Nilimwambia kuna vishimo viwili karibu na ukingo.

Alhamisi, 3 Aprili. Milimita 31.
Paa la chumba chake limetajwa kwa mara ya mwisho, nadhani. Anapiga dawa habu za magurudumu. Anaimba. Hajui maneno ya wimbo hata mmoja mpaka mwisho, kama alivyo katika mambo yake yote.

Jumanne, 8 Aprili. Milimita 17.
Wakati wa chakula cha mchana mke wangu aliutazama mlango wa kabati la jikoni, ule niliouondoa bawaba mwezi wa Novemba ili niunyooshe, akasema taratibu tu, kama anayeongea na chumvi: "Angalau mdogo wangu siku hizi anamaliza anachokianza."

Nilimaliza kula.

Alasiri shemeji akanijia kibarazani ameshika kibano cha usukani. Ni kile kipande cha aluminiamu cha juu kabisa, kinachobana ile miguu miwili ya mbele na kubeba usukani. Kila kitu cha mbele kimeegemea hapo. Alikuwa amefika namba mia nane.

"Niangalizie hiki, shemeji, kabla sijaendelea. Jicho lako si langu."

Nilikipokea. Nilipitisha kidole gumba. Karibu na tundu la mguu wa kushoto palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Mkwaruzo wa msasa hunyooka na wenzake. Huu ulikuwa umepinda, unazunguka tundu, na unaishia palepale metali inapokuwa nyembamba. Nimeona nyufa nyingi maishani. Huo ulikuwa ufa.

Nikamrudishia. "Endelea," nikasema. "Kitang'aa."

Nitamwambia. Lakini kwanza asugue siku mbili tatu, akimalize mpaka kiwe kioo, ndipo nimwambie kwamba amekuwa akimpaka maiti poda. Huo ndio utakuwa mwisho wa nyimbo.

Ijumaa, 11 Aprili. Milimita 9.
Amekuwa kwa mshonaji tangu asubuhi. Na jana. Pikipiki imelala kibarazani, bwana yuko kwa jirani. Nilijua tu. Moto wa mabua.

Jumamosi, 12 Aprili. Milimita 12.
Tena kwa mshonaji. Amerudi jioni mikono myeusi, anasema alikuwa akimsaidia kupaka mafuta cherehani. Cherehani gani inapakwa mafuta siku tatu? Kwa uongo wa namna hiyo, kuhusu ufa nimwambie nini? Asubiri.

Jumatatu, 14 Aprili. Hakuna mvua.
Nilikwenda mjini kuhakikiwa pensheni yangu, kwamba bado niko hai. Foleni kutwa nzima. Niliporudi saa kumi na moja, pikipiki ilikuwa imesimama. Magurudumu mawili, tangi, usukani. Amefunga sehemu yote ya mbele nikiwa sipo. Kibano kiko mahali pake juu kabisa, kinang'aa, na kwa sababu boliti imekaa na washa yake pana, ile pete ya bati chini ya kichwa chake, pale karibu na tundu la kushoto hapaonekani kitu.

Alipiga kiki mara sita, ikawaka. Mke wangu akapiga makofi. Mshonaji akapiga makofi ng'ambo ya uzio. Nami nikapiga, mara mbili.

Jumanne, 15 Aprili. Milimita 4.
Chai ya asubuhi. Mke wangu akasema, "Mwalimu, mvua ikikatika nitakwenda na mdogo wangu kumwona dada."

Dada yao mkubwa anaishi bondeni, ng'ambo ya mteremko. Anaumwa nyonga, hatoki. Barabara inashuka kwa kona, kona, kona, karibu kilomita kumi bila tambarare.

"Mtakwenda na nini?"
"Na pikipiki. Na nini kingine?"

Shemeji alikuwa akipaka mkate siagi. Akaniuliza bila kuinua macho, "Au unaionaje, shemeji? Iko sawa?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nimelifikiria kutwa nzima na ni hapo. Lakini ningesemaje? Kwamba nimeuona ufa leo, ukiwa umefunikwa na boliti? Au kwamba niliuona wiki nzima iliyopita nikaufumbia macho? Mke wangu alikuwa ananitazama. Nikasema, "Barabara itakuwa na matope."

"Ndiyo maana tunasubiri jua," akasema mke wangu.

Jumatano, 16 Aprili. Milimita 26.
Mvua. Vizuri.

Alhamisi, 17 Aprili. Milimita 18.
Mvua. Nimejaribu kumdharau shemeji leo na sikupata nafasi. Kila nikianza namwona mke wangu amekaa nyuma yake, ameshika kiuno chake, wanaiacha kona ya tatu.

Ijumaa, 18 Aprili. Milimita 2.
Mbili tu. Nilikwenda kwenye kopo mara nne.

Jumamosi, 19 Aprili. Milimita 21.
Shukrani. Nilipanga kumwita shemeji kando nimwambie, "Nimekumbuka jambo." Nikamwita. Akaja, akakaa, akaniangalia kwa utulivu ambao sijauzoea kwake. Nikamwuliza kama ameona koleo langu.

"Liko mahali pake," akasema. Akangoja kidogo. "Hilo tu, shemeji?"
"Hilo tu."

Jumatatu, 21 Aprili. Milimita 7.
Upande wa magharibi mawingu yamepasuka. Mke wangu amefua blauzi yake ya bluu na kuianika ndani.

Jumatano, 23 Aprili. Hakuna mvua.
Jua. Wanaondoka kesho saa mbili.

Alhamisi, 24 Aprili. Hakuna mvua.
Naandika saa tano asubuhi. Nyumba ni tupu.

Asubuhi, walipokuwa wakinywa chai, nilitoka kwenda kupima mvua ambayo haikunyesha. Nilikwenda kibarazani na spana yangu ya plagi. Nikaing'oa plagi ya pikipiki, nikaitia mfuko wa suruali. Nilikuwa nimejishawishi kwamba huo ni utu uzima: isipowaka hawataenda, wasipokwenda nitapata siku nyingine ya kusema. Mtu mwenye cheti cha daraja la kwanza, mwenye miaka sitini na mitatu, amejibanza nyuma ya pikipiki ya mwenzake kama mwizi wa mayai.

Wakatoka. Mke wangu kavaa blauzi ya bluu, kafunga kitambaa kichwani, kofia ya pikipiki mkononi. Shemeji akapiga kiki mara moja. Hakupiga ya pili. Aliinama, akautazama waya wa plagi. Ulikuwa unaning'inia. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na nikaacha waya unaning'inia.

Akanyoosha mkono. Hakunitazama usoni, nadhani kwa kunistahi.

"Shemeji, naomba plagi."

Mke wangu akageuka. "Plagi gani?"

Nikaitoa. Ilikuwa na joto la mfukoni. Nikaona hapana budi. "Msiende," nikasema. "Kibano kina ufa. Upande wa kushoto, chini ya washa. Kikikatika mteremkoni usukani utabaki mkononi."

"Kilikuwa na ufa," akasema shemeji. Alikuwa anairudisha plagi kwa vidole, taratibu, kama inavyotakiwa, ili uzi usiharibike. "Nilimwaga mafuta ya taa, nikapangusa, nikapaka unga wa chaki. Ufa ukalowesha chaki, mstari ukajionyesha wenyewe. Kile kiko jalalani. Hiki nimekipata kwa mchomeleaji, kwenye pikipiki iliyogongwa nyuma. Nilikipima vilevile, nikakisugulia kwa mshonaji."

"Kwa nini kwa mshonaji?" aliuliza mke wangu.

Shemeji akakaza plagi kwa spana yangu, akanirudishia spana.

Mke wangu si mtu wa kupaza sauti. Alinisogelea mpaka nikaona uzi uliotoka kwenye kola ya ile blauzi.

"Wewe uliujua lini?"
"Tarehe nane."
"Ya mwezi huu?"
"Ya mwezi huu."

Alihesabu. Niliiona midomo yake ikihesabu. Kisha akavaa kofia, akapanda nyuma ya mdogo wake, akashika kiuno chake kama nilivyomwona kichwani mwangu siku zote hizo. Wakaenda. Pikipiki ilikuwa na mlio mzuri.

Ijumaa, 25 Aprili. Hakuna mvua.
Nimekula mkate.

Jumamosi, 26 Aprili. Milimita 1.
Nimesoma daftari hili kutoka mwanzo. Huyu anayeandika ni mtu wa kuchosha. Anajua kila kitu, na karibu miezi miwili hakuinua mkono isipokuwa kupima maji kwenye kopo. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemfukuza karakana.

Nimefunga mlango wa kabati la jikoni. Dakika ishirini na tano. Hakuna wa kuuona.

Jumapili, 27 Aprili. Milimita 10.
Wamerudi kabla ya mvua. Mke wangu alisema dada anasalimia. Akaingia ndani. Alifungua kabati, akafunga, akafungua tena.

Jumanne, 29 Aprili. Milimita 16.
Shemeji amekuja kibarazani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa mara ya kwanza tangu afike aliniacha nianze mimi.

"Ulijuaje kwamba nimeuona?"
"Ulivua miwani," akasema. "Mtu akiona mkwaruzo havui miwani. Mimi nilikuwa nimeuona kabla yako. Nilikuletea nipate uhakika, maana wewe ndiye mwenye kujua. Uliposema endelea, nikajiambia labda nimekosea. Ndipo nikaenda kutafuta mafuta ya taa."
"Kwa nini hukunikabili?"
"Nilikungoja useme. Nilikuuliza siku ya chai. Ukaniita siku ile ya koleo, nikajua leo anasema."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonisumbua, hasira ningeijibu.

"Kunidharau nimekuzoea, shemeji," akasema. "Dharau haivunji mguu. Nilipokuwa peke yangu nikaona sawa, ni mimi na wewe. Lakini dada aliposema anapanda, ukazungumzia matope."

"Ningesema."
"Ulikuwa na wiki nzima."

Niliwahi kumjibu mkaguzi wa shule, niliwahi kumjibu waziri alipotembelea karakana. Leo nilimwambia vile vishimo viwili kwenye kifuniko cha klachi vinaweza kutoka, akitaka nimwonyeshe. Akasema hapana, amevizoea.

Jumamosi, 3 Mei. Milimita 5.
Mke wangu ananijibu ninachouliza. Hazidishi neno.

Alhamisi, 8 Mei. Hakuna mvua.
Paa la shemeji limetengenezwa. Kweli kabisa, fundi wake alikuwa anasubiri mvua ipungue. Anahama Jumamosi. Mwenye karakana moja ya pikipiki ameviona vile vifuniko barabarani, akamwuliza ni nani aliyevifanya, akampa kazi ya kung'arisha. Nilitaka kuandika hapa kwamba hatamaliza mwezi. Sijui kama hatamaliza.

Jumamosi, 10 Mei. Hakuna mvua.
Shemeji amefunga magunia yake na kuyatanguliza. Mke wangu anakwenda naye kumpangia chumba. Alitoka akiwa na mfuko wa vyombo, akasimama kando ya pikipiki. Mdogo wake alikuwa tayari amekamata usukani. Mke wangu akamgusa bega ashuke. Akashuka.

Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa mlangoni.

"Mwalimu. Ikague."

"Nimeshaikagua mwenyewe, dada," alisema mdogo wake.

"Nimesema yeye."

Nilileta mafuta ya taa, kitambaa, unga wa ngano, na kipande cha chaki kutoka kwenye boksi langu la zamani. Nikalegeza boliti, nikaondoa washa. Nikapaka, nikapangusa, nikasugua chaki kwenye rula ili unga uanguke juu ya aluminiamu, nikangoja. Dakika kumi si muda mdogo mbele ya watu wawili wanaokutazama. Chaki ilibaki nyeupe. Nikafanya upande wa kulia. Nikapiga magoti nikafanya habu ya mbele, spoku moja moja, nikarudisha boliti, nikakaza, nikafuta kila kitu kwa unga wa ngano.

"Iko salama," nikasema.

Mke wangu aliutazama usukani, kisha akanitazama mimi niliyekuwa bado nimepiga magoti, mikono myeusi mpaka kwenye vifundo.

"Na nyuma," akasema.

Akauweka mfuko wa vyombo chini. Nikahamia nyuma.